Mafao ya Ulemavu: Kudai Haki si Kuomba

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, swali la bima linapoletwa mbele ya masheikh, mara nyingi huja kwa sura moja: ni halali au ni haramu? Ni swali la msingi na tutalijibu humu. Lakini lipo swali jengine ambalo watu wengi hawaliulizi mpaka maji yameshafika shingoni. Mtu amekatika mkono kazini, au amepigwa na kiharusi akiwa na miaka arubaini na mitano, au ameanguka kwenye mkarafuu na uti wa mgongo umevunjika. Hatofanya kazi tena. Watoto wake watakula nini mwakani, na mwaka unaofuata?

Katika visiwa vyetu jawabu huwa linajulikana. Wiki ya kwanza majirani wanajaa nyumbani. Ijumaa inasimama michango msikitini. Ndugu wa Dar es Salaam na Muscat wanatuma chochote. Hili ni jambo jema na Allah awalipe wote wanaolifanya. Lakini ulemavu wa kudumu haumalizwi na mchango wa Ijumaa moja. Baada ya miezi sita wachangiaji nao wana shida zao. Mke anauza dhahabu yake, kijana mkubwa anaacha skuli akatafute kibarua, na mgonjwa mwenyewe anaanza kujiona mzigo. Na huku kote, ndani ya mfuko wa nailoni uliofichwa kabatini, kuna mkataba wa kazi, kitambulisho cha mfuko wa hifadhi ya jamii na karatasi ya mkopo wa benki. Katika karatasi hizo huenda imo haki ya mtu huyu, na hakuna aliyezisoma.

Makala hii inahusu haki hiyo. Tunataka familia zetu zielewe mambo mawili: kwamba kudai mafao ya ulemavu ni kudai haki wala si kuomba sadaka, na kwamba haki hii hupotea kwa kuchelewa na kwa kutoandika kuliko inavyopotea kwa dhulma ya mtu.

Tofauti ya kudai na kuomba

Wazee wetu walitulea kwa haya, na haya ni katika imani. Mtume (S.A.W.) amekemea sana mtu mwenye uwezo kuwanyooshea watu mkono. Kwa sababu hiyo utamkuta muungwana aliyeumia anakataa kwenda ofisi ya mfuko au kwa mwajiri wake wa zamani. Anasema, "Mimi siwezi kwenda kuomba. Allah ameshaniandikia."

Tunasema kwa heshima kwamba hapo pamechanganywa mambo mawili. Muombaji anaomba mali ya mwengine. Mdai anaomba chake. Mfanyakazi ambaye kila mwezi mshahara wake ulikatwa mchango, na mwajiri wake akachangia kwa ajili yake, amefunga mkataba na mfuko ule. Umeahidi kwamba akifikwa na jambo fulani utamlipa kiasi fulani. Jambo limemfika. Sasa mfuko ndio wenye deni, na yeye ndiye mdai. Mtume (S.A.W.) alipodaiwa na mtu kwa maneno makali, Masahaba wakataka kumkabili, aliwazuia na akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Ikiwa hivyo ndivyo mbele ya Mtume wa Allah, itakuwaje mbele ya karani wa dirishani?

Ama kusubiri qadari, sisi sote tunaamini qadari ya kheri na ya shari. Lakini aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfungue ngamia wake kisha atawakali, alielekezwa amfunge kwanza. Subira ni kuuzuia moyo usimlaumu Mola. Kuiacha haki ya watoto wako ife kabatini ni jambo jengine. Baba anaweza kusamehe chake kwa khiari yake, lakini nafaka ya watoto wanaomtegemea si chake peke yake.

Tena sheria yetu haijaacha maumivu ya mwili yapimwe kwa huruma tu. Katika waraka aliopewa Amr bin Hazm kupelekwa Yemen, viungo viliwekewa viwango: dia kamili ni ngamia 100, jicho moja ni nusu yake, mkono mmoja ni nusu yake, na kila kidole ni ngamia 10. Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi wakaingia hata katika pingili za vidole. Kile kisichowekewa kiwango kilikadiriwa na hakimu kwa uadilifu. Dia ni malipo ya jinai na mafao ya leo ni fidia ya kipato kilichopotea, kwa hiyo hukumu zake si moja. Lakini msingi unafanana: kiungo kilichopotea kina kadiri, kadiri hiyo inaandikwa, na mwenye kuumia hasubiri hisani ya mtu.

Milango ya kugonga

Mkosi mkubwa ni kwamba familia nyingi hazijui mlango uko wapi. Tunaitaja hapa milango inayowahusu watu wa visiwani, ili kila nyumba itazame wake ni upi.

Wa kwanza ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Hapa Zanzibar tuna ZSSF, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1998. Watu wengi wanaujua kwa kiinua mgongo na pensheni ya uzee tu. Lakini katika mafao yake yamo pia mafao ya ulemavu, kwa mwanachama aliyethibitishwa na bodi ya madaktari kwamba hawezi tena kufanya kazi. Wanaofanya kazi Tanzania Bara katika sekta binafsi wako NSSF, nayo pia ina pensheni ya ulemavu. Kila mfuko una masharti yake ya muda wa kuchangia. Hivyo jambo la mwanzo ni kuomba taarifa ya michango na kuitazama mwezi kwa mwezi. Ikiwa mwajiri alikata fedha katika mshahara na hakuzipeleka, hiyo ni dhulma na ni khiyana ya amana, na dawa yake ni kulipeleka suala hilo mfukoni na Kamisheni ya Kazi mapema, kabla hayajakufika ya kukufika.

Wa pili ni fidia ya ajali na maradhi ya kazini. Hapa pana tofauti ambayo vijana wetu wanaovuka bahari hawaijui. Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Michango yake inatoka kwa mwajiri peke yake, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Kijana wa Makunduchi au wa Wete aliyeumia katika kiwanda cha Dar es Salaam amo ndani ya mfuko huo kwa kuwa kazi yake iko huko, wala utokako haukuzuilii. Akiwa hawezi kazi kwa muda, sheria inampa asilimia 70 ya kipato chake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari wanaukadiria kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo mmoja, na unaozidi hapo unakuwa pensheni ya kila mwezi. Aliyekuwa akipata shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ulemavu wake ukiwa wa asilimia 100, hesabu yake ni shilingi 700,000 kila mwezi. Ukiwa wa asilimia 50 ni nusu ya hiyo. Na angalieni muda: ajali ambayo haikutolewa taarifa ndani ya miezi 12 inaweza kuiangusha haki yote.

Kwa upande wa Zanzibar, sheria ya fidia ya wafanyakazi ni ya 1986, iliyorekebishwa 2005. Msingi wake ni kuwa mwajiri ndiye anayebeba dhamana ya fidia. Anayeumia katika hoteli ya Nungwi au juu ya jengo la Fumba aanze kwa mwajiri wake kwa maandishi, kisha kwa afisa kazi. Asiridhike na ahadi ya mdomo ya meneja kwamba "tutakuangalia." Meneja huhama na hoteli hubadilisha mmiliki, lakini barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa hubaki.

Wa tatu unawahusu zaidi ndugu zetu wa Pemba. Katika msimu wa karafuu hakupiti muda bila kusikia mtu ameanguka. Sheria ya karafuu ya 2014 ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na kupitia Shirika la ZSTC wachumaji walioanguka wamekuwa wakipatiwa mkono wa fidia. Kiasi chake hakilingani na pensheni ya maisha. Lakini ni haki iliyopo, na mchumaji asiyeripoti kwa sheha wake na asiyekwenda hospitali hawezi kuithibitisha.

Wa nne ndio unaosahauliwa kuliko yote: bima ya mkopo. Mwalimu au muuguzi anapochukua mkopo wa benki, mara nyingi ndani ya mkataba kuna bima inayolipia deni lililobaki endapo mkopaji atakufa au atapata ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi. Familia zinajua suala la kifo. La ulemavu hazilijui, na zinauza kiwanja ili kulipa deni ambalo huenda lilikwishadhaminiwa. Nendeni benki, ombeni nakala ya mkataba pamoja na masharti ya bima, na ulizeni swali hili kwa uwazi kabisa.

Wa tano ni bima ya kundi, ambayo baadhi ya makampuni huwakatia wafanyakazi wao, na bima za binafsi. Ndugu zetu walioko Uingereza, Canada na Marekani hukutana nazo zaidi. Kwao tunaongeza angalizo moja. Mikataba mingi ya huko hutofautisha baina ya "hawezi kazi yake" na "hawezi kazi yoyote." Mara nyingi miaka miwili ya mwanzo hutazamwa kipimo cha kwanza, kisha kikaja cha pili kilicho kigumu zaidi. Mtu aliyezoea kulipwa hushtuka mwaka wa tatu akisimamishwa malipo. Asome mkataba wake mapema na aendelee kuhudhuria kwa daktari hata anapodhani mambo yameshatengemaa.

Vile vile tusichanganye vitu. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), ulioanza kazi 2023, unahusika na gharama za matibabu, na haurejeshi mshahara uliopotea. Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa, ni kwa wazee waliotimiza miaka 70. Kijana wa miaka thelathini aliyepooza hahusiki nayo. Mwenye kadi ya matibabu asidhani kuwa kipato chake kimekingwa.

Hukumu ya bima yenyewe

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mifuko ya hifadhi ya jamii inayosimamiwa na dola imejengwa juu ya kusaidiana, na wanazuoni wengi wa zama hizi hawakuona tatizo katika asili yake. Mkutano wa pili wa Majmau al-Buhuth ya Al-Azhar, mwaka 1965, uliijuzisha bima ya kijamii ya serikali pamoja na bima ya ushirika. Ikiwa fedha za mfuko zinawekezwa kwenye riba, lawama ya uwekezaji huo ni ya wanaousimamia, na ni wajibu wetu kuwanasihi. Mfanyakazi aliyekatwa kwa lazima ya sheria anachukua haki yake.

Ama bima ya kibiashara, Majmau al-Fiqh al-Islami ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah Disemba 1985, iliamua kuwa mkataba wake una gharar kubwa inayouharibu, na ikaielekeza jamii kwenye bima ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful. Kwetu mlango huo umeanza kufunguka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) imeitambua takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa 1969, sasa lina ZIC Takaful. Kwa hiyo anayekwenda kukata bima kwa khiari yake aanzie huko, na aulize khasa kama ulemavu wa kudumu umo ndani.

Vipi kuhusu mtu ambaye mwajiri wake ndiye aliyekata bima ya kibiashara kwa ajili ya wafanyakazi? Huyu hakufunga yeye mkataba. Mwajiri amemuahidi stahiki, na namna anavyojidhamini ni jukumu la mwajiri. Tunaona hana ubaya kupokea alichoahidiwa katika mkataba wake wa kazi. Na aliyejikatia mwenyewe bima ya kibiashara kisha akafikwa na balaa, wanazuoni wamekhitilafiana. Wako wanaosema achukue kadiri ya alichochangia na kinachozidi akitoe kwenye maslahi ya Waislamu masikini. Wako wanaomruhusu kwa haja. Na akiwa yeye mwenyewe sasa ndiye fakiri, basi jambo lina wasaa. Aende na karatasi zake kwa sheikh anayemuamini, kwa sababu fatwa ya mtu mmoja haifai kuchukuliwa na mwengine mwenye hali tofauti.

Namna ya kudai

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, Al-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika madeni. Humo tumeelekezwa tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Dai la ulemavu ni deni, na lifuate adabu hiyo.

Kwanza, siku ya ajali iandikwe: tarehe, saa, pahala, kazi gani ilikuwa ikifanywa na nani alishuhudia. Mpelekeni mgonjwa hospitali hata kama fundi wa viungo yuko karibu. Hatuwadharau mafundi wetu wa kienyeji, lakini bodi ya madaktari itataka rekodi ya siku ya kwanza, picha ya X-ray na cheti. Ikiwa ni ajali ya barabarani, PF3 ya polisi ipatikane siku hiyo hiyo. Mwenye gari naye anatakiwa na sheria awe na bima ya kulipia madhara ya watu wengine, na dai hilo ni mbali na haya tunayoyazungumza.

Pili, majina. Hili ni gonjwa letu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed Haji Makame, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni Muhammed Haji, na benki inamjua kwa jina la ukoo. Kila herufi iliyotofautiana ni miezi ya kupigwa danadana. Tengenezeni hati ya kiapo mapema na mlinganishe majina wakati mtu bado mzima.

Tatu, ripoti ya daktari. Ripoti inayosema "mgonjwa ana kisukari na tatizo la mgongo" haimsaidii mtu. Mfuko haulipi jina la maradhi, unalipa kushindwa kazi. Muombeni daktari aeleze kwa ukweli mgonjwa anaweza nini na hawezi nini: anaweza kukaa muda gani, kusimama muda gani, kunyanyua uzito gani, mkono wake unashika au haushiki, na je, kuna tamaa ya kupona. Naye mwajiri aandike kazi ya mtu huyu ilikuwa nini khasa. Ukiweka karatasi hizo mbili ubavu kwa ubavu, dai linajieleza.

Nne, toeni nakala ya kila karatasi kabla haijatoka mkononi. Pelekeni dai pamoja na barua, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muwe na daftari moja la kuandika kila safari, ofisi gani, tarehe gani na jawabu gani. Mgonjwa hawezi kufanya haya yote peke yake. Familia imteue mtu mmoja mwaminifu, mwanamke au mwanamme, awe ndiye mfuatiliaji, badala ya kila ndugu kwenda siku yake na maneno yake.

Tano, jawabu la kwanza likiwa "hapana," lisipokewe kama hukumu ya mwisho. Ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu ni karatasi iliyokosekana au asilimia iliyokadiriwa ndogo, na sheria za mifuko zina njia za kupinga. Kwa migogoro na makampuni ya bima kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, pamoja na wasaidizi wa sheria walioko wilayani, wanawasaidia wasio na uwezo wa wakili.

Amana ya ukweli

Hapa tunasema neno zito. Haki hii ni ya anayestahiki tu. Mtu anayemlipa daktari ili amuandikie asilimia asizokuwa nazo, au anayetembea vizuri nyumbani na akifika mbele ya bodi akajikokota, amekula mali ya wajane na mayatima waliochangia mfuko ule. Daktari aliyesaini amebeba ushahidi wa uongo, nao umetajwa katika madhambi makubwa kabisa. Na aliyekuwa mlemavu kweli kisha Allah akamuafu akarejea kazini, ni wajibu wake kuujulisha mfuko.

Uongo una madhara mengine ya hapa hapa duniani. Kila dai la uongo linalogunduliwa linawafanya maafisa wamtilie shaka mgonjwa wa kweli anayefuata, na huyo ndiye anayezungushwa mwaka mzima.

Upande wa pili wa dhulma ni vishoka. Hawa huzunguka nje ya maofisi wakisema wanajua njia ya mkato, na wanataka theluthi au nusu ya mafao. Ujira wa kazi ya halali inayojulikana, kwa kiwango mlichokubaliana, hauna tatizo. Lakini kumtisha mgonjwa kwamba bila ya rushwa hatopata kitu, kisha ukala nusu ya riziki ya mtu aliyelala kitandani, hiyo ni batili. Fomu za mifuko hii hazihitaji dalali.

Fedha zikishatoka

Mafao ya ulemavu ni mali ya mlemavu mwenyewe. Tunalisema hili kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia hapo. Kaka mkubwa aliyemtunza miezi mitatu hana haki ya kuyachukua yote, na wazazi hawana haki ya kuyagawa kwa ndugu wengine. Matumizi ya mke na watoto ndiyo ya mwanzo. Aliyemkopesha arejeshewe, na aliyemsaidia kwa ajili ya Allah malipo yake yako kwa Allah. Ikiwa maradhi yamemuondolea akili, msimamizi wake apatikane kwa njia ya Kadhi au mahakama, na aweke hesabu ya kila shilingi.

Mgonjwa akifariki, mafao yaliyokuwa yameshamstahikia akiwa hai na hayajalipwa yanaingia katika mirathi baada ya madeni na wasia. Ama kile ambacho mfuko wenyewe unawapa wategemezi baada ya kifo kwa masharti yake, hicho wanazuoni wengi wa sasa wanakitazama kuwa ni stahiki ya waliotajwa. Kila nyumba iulize kwa suala lake.

Na je, anayepokea pensheni ndogo anaweza kupewa zaka? Ndiyo, ikiwa haimtoshelezi yeye na anaowalisha. Imam al-Nawawi katika Minhaj ametilia nguvu kauli ya kuwa fakiri na masikini wapewe cha kuwatosheleza umri wao, na asiyeweza kazi anunuliwe kitu cha kumletea mapato. Tazameni umbali wa fikra hiyo na desturi yetu ya kumgaia mlemavu shilingi elfu mbili mbili kila mwezi wa Ramadhani.

Wajibu wa jamii

Yote tuliyoyataja yanawahusu zaidi wenye ajira rasmi. Mvuvi wa Kojani, mama wa mwani wa Paje, kijana wa bodaboda na fundi muashi wa kutwa, wengi wao hawamo katika mfuko wowote, na kazi zao ndizo zenye hatari. ZSSF ina utaratibu wa khiari kwa waliojiajiri. Anayejiunga aulize ulemavu unalipiwa vipi. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, ambavyo kila shehia inavyo, vinaweza kutenga fungu la ulemavu au kuingia takaful kwa pamoja. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaweza kuwapa waliopooza sehemu yao ya zaka kwa mpango wa miaka, badala ya msimu.

Waajiri Waislamu nao wakumbuke kuwa kutompeleka mfanyakazi kwenye mfuko ili kupunguza gharama ni kumhamishia hatari mtu dhaifu kuliko wewe. Na maimamu wenzetu, katika khutba moja kwa mwaka, tuwaambie watu wafungue makabati yao. Baada ya Isha ya siku hiyo wakae vijana wawili waliosoma na daftari, wawasaidie wazee kusoma mikataba yao. Hilo halihitaji bajeti.

Ewe ndugu, usiku huu mkae pamoja mume na mke, mtoe karatasi zenu, na mjibizane maswali matatu: tuko katika mfuko gani, michango imefika mpaka mwezi gani, na mkopo wetu una bima ya ulemavu au hauna? Mtakachokosa kukijua, kesho asubuhi kaulizeni.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira na riziki ya halali waliopoteza viungo vyao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotekeleza amana kwa wenyewe.

Wallahu a'lam.